Terios ya Mwalimu: gari lililobebeshwa kosa la maji

Lilikuja likivutwa kwa kamba. Canter ya mchanga mbele, Daihatsu Terios nyeupe nyuma, na Mwalimu mwenyewe kwenye usukani, amefunga mkanda, mikono yote miwili imeshika kama anayeendesha kweli. Ilikuwa Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, gereji kwetu Gungu, mjini Kigoma. Nilitoka uvunguni mwa Noah niliyokuwa nashusha giaboksi yake, nikajifuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Sijaja utengeneze. Nataka uniambie tu: nikilikatakata nikauza spea, nitapata ngapi?"

Mwalimu alifundisha sayansi shule za msingi kwa miaka mingi. Sasa anaishi Ujiji na ana shamba la kahawa Kalinzi, kule juu vilimani. Gari alilinunua kwa kiinua mgongo chake, kutoka kwa mtu wa Dar es Salaam, na ndilo linalompeleka shamba: likipanda linabeba mbolea, likishuka linabeba kahawa. Alipotamka neno "spea" aliangalia pembeni. Nikamwomba aniachie gari siku mbili kabla hajaamua.

Nakiandika kisa hiki chote, pamoja na makosa yaliyofanyika, kwa kuwa hili si gari la kwanza la jina hili kuletwa kwangu likiwa limeshahukumiwa. Daihatsu zipo za kutosha Kigoma, na maneno yanayosemwa juu yake ni yale yale: gari rahisi, injini ndogo haivumilii milima, spea hakuna. Nimezifungua nyingi. Maneno hayo yamewatia wenye magari hasara kubwa kuliko magari yenyewe.

Miezi saba ya ugonjwa

Nilimkalisha Mwalimu kwenye benchi, nikamwomba anisimulie tangu siku ya kwanza. Yeye ni mtu wa daftari, kwa hiyo alikumbuka karibu kila kitu.

Gari lilichemsha mara ya kwanza kwenye mpando wa kutoka Mwandiga kwenda Kalinzi, likiwa na magunia mawili ya mbolea na watu watatu. Anayeijua barabara hiyo ya Manyovu anaelewa. Unaondoka ziwani, mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, na baada ya muda mfupi uko kwenye baridi ya migomba na kahawa. Injini haipumziki njiani. Mwalimu aliona mshale wa joto umepanda, akasimama, akasubiri, akaongeza maji, akafika.

Fundi wa kwanza alitoa thamostati, kifaa kinachoongoza maji ya kupozea injini, akaitupa. Alimwambia kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Wiki tatu gari likatulia, kwa sababu Mwalimu alikuwa anazunguka mjini tu, Ujiji na Mwanga. Ila petroli ikaanza kuisha haraka, na asubuhi injini ikawa nzito.

Msimu wa kwenda shamba uliporudi, likachemsha tena. Fundi wa pili hakufungua chochote. Alimwambia atembee na dumu la maji, akiona mshale unapanda asimame aongeze. Mwalimu akafanya hivyo kwa miezi mitatu. Dumu la lita tano lilikuwa bado kwenye buti gari lilipofika kwangu. Nilipomuuliza maji anachota wapi, akasema ziwani, au pale nyumbani kwenye pipa, ambalo nalo hujazwa kwa maji ya ziwani.

Fundi wa tatu ndiye aliyefungua hedi, sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, ilikuwa imeungua, hilo alilipatia. Akamtuma Mwalimu dukani anunue "gasketi ya Terios". Mwalimu akaletewa gasketi ya Terios, na haikuingia: matundu ya boliti hayakulingana na matundu ya silinda yalikuwa makubwa mno. Maduka mengine mawili hawakuwa nayo kabisa. Basi fundi akairudisha ile ile ya zamani, akaipaka gundi ya silikoni kila upande, akafunga. Ilidumu siku tisa. Baada ya hapo ndipo Mwalimu akaambiwa gari hili halina spea, auze.

Kwanza, hili ni gari gani?

Kabla ya kugusa spana nilifanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya kwa miezi saba. Nilichukua tochi na kitambaa, nikafuta vumbi kwenye kibati kilicho chini ya boneti, nikakisoma. Namba ya chasisi inaanza na J102G. Injini ni K3.

Kwa anayejua, hizo herufi chache zinamaliza nusu ya kazi. Wacha nieleze kwa nini, na itabidi nirudi nyuma kidogo.

Daihatsu si kampuni ya juzi. Ilianzishwa Osaka, Japani, mwaka 1907 kwa jina la Hatsudoki Seizo, na waanzilishi wake walikuwa watu wa chuo cha ufundi cha Osaka waliotaka nchi yao itengeneze injini zake yenyewe badala ya kuagiza nje. Jina Daihatsu lilikuja rasmi mwaka 1951. "Dai" ni namna nyingine ya kusoma herufi ya kwanza ya neno Osaka, na "hatsu" imetoka kwenye neno lao la injini. Yaani jina lenyewe maana yake ni injini za Osaka. Walianza na magari ya miguu mitatu miaka ya 1930, na mwaka 1957 wakatoa Midget, kigari cha miguu mitatu cha kubebea mizigo ya wenye maduka madogo. Mwaka 1960 ikaja Hijet. Hijet tunaiona mpaka leo ikipakia madumu ya mawese sokoni, nasi tunaiita kirikuu pamoja na ndugu yake Suzuki Carry, ingawa ni za viwanda viwili tofauti.

Tangu mwanzo, basi, kazi ya kampuni hii imekuwa kumtengenezea mtu wa kipato kidogo gari dogo. Sioni aibu katika hilo. Gari dogo limehesabiwa kila kilo na kila senti, na linadai uangalizi zaidi kwa sababu hakuna ziada iliyoachwa ndani yake. Redieta ya Land Cruiser ikiziba robo bado itapoza. Ya Terios ikiziba robo, kwenye mpando wa Kalinzi utajua.

Na kama kuna mtu anadhani hawa jamaa hawajui barabara zetu, akumbuke Safari Rally ya Kenya ya mwaka 1993. Toyota Celica zenye turbo zilishika nafasi nne za kwanza. Nyuma yao, nafasi ya tano, ya sita na ya saba, zilikuwa Daihatsu Charade.

Mwaka 1967 Daihatsu iliingia ushirikiano na Toyota. Mwaka 1998 Toyota ikachukua zaidi ya nusu ya hisa, na mwaka 2016 ikainunua yote. Hapo ndipo kwenye jambo lenyewe la kisa hiki. Undugu huo umeyafanya magari ya Daihatsu kuvaa nembo ya Toyota kwa miaka mingi, na watu wengi wanaoyadharau wanayaendesha bila kujua. Terios ilitoka mwaka 1997. Mwaka 1999 gari hilo hilo likatoka na nembo ya Toyota likiitwa Cami. Malaysia lilishatoka mwaka 1998 kwa jina la Perodua Kembara. Passo ni Daihatsu Boon. Injini ya silinda tatu iliyo ndani ya Passo ya cc 1,000, na ndani ya Vitz ya cc 1,000 iliyotoka 2005, ile 1KR, ilibuniwa na Daihatsu. Mtu anakuja kwangu na Vitz, anaiona Terios ya Mwalimu, ananiambia "hilo gari si la kununua". Injini yake na ya Mwalimu zimetoka mikononi mwa watu wamoja.

Sasa turudi kwenye gasketi. Terios za mwanzo, chasisi J100G, zina injini inayoitwa HC: cc 1,296, mkanda wa taimingi, silinda yenye upana wa milimita 76. Kuanzia mwaka 2000 zikaja J102G zenye injini ya K3: cc 1,298, cheni badala ya mkanda, silinda yenye upana wa milimita 72. Bodi ni moja, taa zinafanana, jina la nyuma ni lile lile. Ukienda dukani ukasema "Terios" tu, umetaja injini mbili, na muuzaji atakupa aliyonayo. Mwalimu alipewa ya HC. Ndiyo maana matundu yalikuwa makubwa. Gasketi ile haikuwa mbovu wala feki, ilikuwa ya gari jingine lenye jina hilo hilo.

Nilimwonyesha Mwalimu. Niliweka ile gasketi aliyouziwa juu ya bloku, mwili wa injini wenye silinda, tukaona duara la gasketi limeuacha mdomo wa silinda ndani, nafasi ya kupitisha ukucha pande zote. Aliinama akaangalia muda mrefu.

"Milimita nne," akasema. "Nimekokotwa kwa kamba kwa ajili ya milimita nne."

Maji

Gasketi ilieleza kwa nini matengenezo yalishindikana. Haikueleza kwa nini gari lilichemsha siku ya kwanza, na fundi anayeishia kwenye gasketi anajiwekea miadi ya kuifungua tena. Hedi haiungui yenyewe.

Nilianza na kitu kidogo kuliko vyote, mfuniko wa redieta. Raba yake ya ndani ilikuwa imekauka na kupasuka, springi imelegea. Watu hudhani mfuniko kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake kubwa ni kushikilia presha. Maji ya wazi hapa mjini yanachemka chini kidogo ya nyuzi 100, na kule Kalinzi, kwa sababu ya mwinuko, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima unayabana mpaka yafike karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Ukiharibika umelipokonya gari akiba ya nyuzi zaidi ya 20, tena mahali penye mlima.

Kisha redieta. Niliishusha, nikaielekeza kwenye mwanga na kuangalia kwa mdomo wa juu. Vijia vya maji vilikuwa na utando mweupe uliochanganyika na kutu, na vya upande mmoja vilikuwa vimeziba kabisa. Nilimimina maji juu, yakatoka chini kwa kudondoka, kama maji ya chujio la chai. Kwenye redieta nzima yangetoka kwa kishindo.

Utando huo nilimkwangulia Mwalimu kwa bisibisi nikamwekea kiganjani.

"Nyumbani birika lenu likoje ndani?"

Alinyamaza. Kisha akaanza kunieleza mimi, kwa sauti ile ya darasani, kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, pH yake inakaribia 9, na yamebeba chumvichumvi za magnesiamu na kalsiamu. Yakipashwa moto, chumvi hizo zinajitenga na kugandamana kwenye chuma. Ndiyo ukoko mweupe wa birika ambao kina mama wa Ujiji wanaukwangua kila siku. Alifundisha hilo somo miaka mingi. Na kila alipoongeza lita mbili tatu njiani, maji yakapotea kwa mvuke na chumvi ikabaki ndani, akawa anarudishia maji mapya yenye chumvi mpya. Miezi mitatu ya dumu lile ilikuwa miezi mitatu ya kulijengea gari ukoko wa birika kwenye vijia vyembamba kama mstari wa kalamu.

Iliniuma kumwona, maana ushauri wa dumu aliupokea kwa fundi, na mtu humwamini fundi kama anavyomwamini mganga. Sisi mafundi tunapomwambia mteja "tembea na maji", tunamrudisha nyumbani na ugonjwa wake.

Kuhusu thamostati nisipite haraka, kwa kuwa kuitoa kumekuwa desturi nchi nzima. Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto upesi. Joto likifika nyuzi 80 na kitu, nta iliyomo ndani inatanuka na kuusukuma mlango, maji yanakwenda kwenye redieta. Ukiutoa, injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inaona baridi na kuendelea kumwaga petroli ya asubuhi mchana kutwa, oili inachafuka kabla ya wakati. Hapo ndipo petroli ya Mwalimu ilipokuwa inakwenda. Na kwenye mlima haikusaidia lolote, kwa sababu mlango ukiwa wazi au haupo, maji bado yanakutana na redieta iliyoziba. Fundi wa kwanza aliondoa kifaa kizima akaacha kibovu.

Oili niliikuta nyeusi, bila rangi ya chai ya maziwa. Nilishukuru, maana maji yangeingia kwenye oili tungekuwa tunazungumzia beringi na krenki. Nililaza rula ya chuma juu ya hedi, nikapitisha chini yake fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Katikati ilipita ya milimita 0.15. Kwa hedi ya alumini kama hii, ikizidi 0.1 haifai kufungwa hivyo hivyo. Ilikuwa imepinda kwa kuchemshwa mara nyingi. Bloku ilikuwa sawa.

Kutafuta kwa jina jingine

Jioni ile nilipiga simu Kariakoo kwa jamaa anayenitumia spea. Nilitaka Mwalimu asikie kwa masikio yake, nikaweka sauti ya nje. Nikamwuliza kama ana gasketi ya hedi, thamostati na redieta ya Daihatsu Terios. Akajibu bila kufikiri: "Terios hamna, mkuu."

Nikamwambia sawa, basi nipe za Toyota Cami, J102, injini K3, redieta iwe ya gia otomatiki.

"Hizo zipo. Redieta used ya Japani ipo, gasketi mpya ipo. Nitume lini?"

Mwalimu alinitazama, hakusema neno. Mzigo ulifika na basi siku ya tatu.

Hapa niweke tahadhari, kwa sababu nimeona vijana wakilisikia hili na kulifanya kanuni. Cami na Terios ni gari moja, hapo huna hofu ukishalinganisha chasisi na injini. Lakini injini ya K3 imefungwa pia kwenye Passo ya cc 1,300, kwenye Avanza ya cc 1,300, na kwenye nyinginezo kadhaa. Ndani ya injini vingi vinafanana. Nje ya injini usidanganyike. Kwenye Passo injini imelala kwa upana wa gari na inavuta matairi ya mbele, kwenye Terios imelala kwa urefu na inapeleka nguvu nyuma na mbele. Mauntingi (raba zinazoishikilia injini), mabomba ya maji, redieta, vyote hivyo visinunuliwe kwa kukisia. Chukua kile kibovu mkononi, kilinganishe. Kama spea inatoka mbali, piga picha ya kibati cha chasisi na ya kifaa chenyewe, utume zote mbili. Na redieta ya gia otomatiki ina vipenyo viwili vya ziada chini, vya kupozea oili ya gia. Ukiletewa ya manyuo, yaani ya gia za mkono, utakuwa umenunua safari nyingine ya basi.

Wengine wanasemaje

Kesi moja haitoshi kulisema gari, hivyo nilizungumza na wenye magari ya ukoo huu ambao nawahudumia.

Mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi ana Cami ya 2002, J102E. Anapakia magunia nyuma, anapita njia za vijijini masika yote. Analalamikia mambo mawili. La kwanza ni petroli: kwa gari dogo namna hiyo alitarajia linywe kidogo zaidi. Nilimweleza kwamba analipia magurudumu manne yanayovuta muda wote, iwe lami au tope, na bodi iliyosimama wima mbele ya upepo. La pili ni kutu kwenye sakafu ya buti, ambayo ni ya dagaa na si ya gari. Maji ya chumvi yanachuruzika chini ya zulia na kukaa humo. Injini yake sijawahi kuigusa zaidi ya oili, plagi na filta.

Nesi mmoja anayefanya kazi upande wa Uvinza ana Passo ya cc 1,000. Alikuja na wasiwasi kwamba gari linatetemeka likisimama na gia ikiwa imeingia, na ameshabadilisha plagi mara mbili na koili mara moja. Injini ya silinda tatu hutetemeka kidogo kwa asili yake, na mauntingi zinapochoka mtetemo wote unaingia ndani. Tulibadilisha mauntingi moja. "Kumbe, kaka, fedha zangu zote za koili!" Passo ile sasa inakwenda na kurudi kazini, na kwa mafuta kidogo hakuna gari la kuishinda gereji kwangu.

Kijana wa kirikuu sokoni Mwanga, mwenye Hijet, anasema kitu ambacho naona kina ukweli: gari hili linataka uliheshimu uzito wake. Anayepakia madumu ya mawese mpaka springi zinalala chali, kisha analalamika beringi za magurudumu, analionea.

Kuhusu tabia ya Terios barabarani, mimi nina langu. Ni nyembamba, kama mita moja na nusu na kidogo, na ni ndefu kwenda juu. Inapita mahali ambapo gari pana linakwama, na ukifunga loki ya difu ya kati kwenye tope jekundu inatoka. Lakini kwenye kona za lami za Manyovu ukiikimbiza itakuinamia. Ni gari la mtu anayekwenda taratibu.

Mwalimu naye aliniuliza swali zito siku tuliyokuwa tunasubiri mzigo. Alikuwa amesikia redioni kwamba kampuni hii ilidanganya vipimo vya usalama. Ni kweli, na haifai kufichwa na sisi tunaoipenda. Aprili 2023 Daihatsu ilikiri kwamba magari zaidi ya 88,000 yalihusika na udanganyifu katika jaribio la kugongwa ubavuni. Desemba mwaka huo kamati huru ikatoa ripoti: kasoro 174 za vipimo, zikigusa aina 64 za magari na injini tatu, nyingine zikiwa na nembo ya Toyota, na ya zamani kuliko zote ilirudi nyuma hadi 1989. Katika baadhi ya majaribio mfuko wa hewa ulifyatuliwa kwa saa iliyotegwa badala ya kihisio chake. Kampuni ilisimamisha usafirishaji wa magari yake yote, na Machi 2024 ikapata rais mpya. Kamati ilieleza kwamba wafanyakazi walikuwa wamebanwa na ratiba fupi mno za kutoa magari mapya.

Nilimjibu Mwalimu nilivyoamini. Gari lake lina zaidi ya miaka 20, limepita mikono nisiyoijua, na sitaweka roho yangu dhamana kwa mfuko wa hewa wa gari la umri huo, liwe la nembo yoyote. Kilicho mikononi mwake ni mikanda, breki na mwendo. Tukakagua mikanda yote. Wa nyuma kushoto ulikuwa haushiki, tukautafutia mwingine.

Kufunga

Kazi yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Hedi ilikwenda kwa fundi mashine ikasawazishwa na kujaribiwa kama ina ufa, haikuwa nao. Mabaki ya silikoni niliyatoa kwa mkono, taratibu, kwa sababu kipande kimoja kikiingia kwenye njia ya oili kinaweza kuua injini. Vipande viwili nilivikuta tayari kwenye chujio la sampo, bakuli la oili chini ya injini. Niliosha njia za maji za bloku mpaka maji yakatoka bila rangi. Gasketi mpya ya K3, thamostati mpya, mfuniko mpya, redieta, mipira ya maji miwili, oili na filta. Boliti za hedi nilikaza kwa spana ya kupimia, kwa hatua, nikianzia katikati kwenda nje.

Ndani tulijaza kulanti, dawa ya maji ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri yasiyo na asidi. Mwalimu aliniuliza akikwama porini afanye nini. Nilimwambia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi yatamfikisha, na akifika nyumbani amwage na kujaza kulanti. Dumu lake la ziwani alilitoa mwenyewe kwenye buti, akampa kijana wangu la kunawia mikono.

Tulilijaribu Alhamisi alfajiri, watu wanne ndani na magunia mawili ya mchanga nyuma ili mzigo ufanane na ule wa mbolea. Mimi niliendesha kutoka Mwandiga, Mwalimu alikaa pembeni na jicho kwenye mshale. Ulipanda mpaka chini kidogo ya nusu, ukasimama hapo. Kalinzi ulikuwa pale pale. Tukaendelea hadi Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, tukazima, tukakaa nusu saa tukinywa chai, tukafungua boneti. Kwenye chupa ya akiba maji yalikuwa kwenye alama ile ile aliyoichora kwa kalamu asubuhi.

Sasa ni mwezi wa tatu. Juzi alipita gereji na daftari lake: safari 14 za shamba, kila moja ina tarehe, mzigo, mshale ulipofika, na maji yaliyoongezwa. Safu ya mwisho ina sufuri 14. Petroli imerudi ilipokuwa kabla thamostati haijatolewa. Kilichobaki ni oili inayotoka kidogo kwenye sili ya difu ya nyuma, nayo tumekubaliana tuifungue kahawa ikishateremshwa. Sili nimeshaiagiza, kwa jina la Cami.